Randa Kuukuu na Makali Mapya: Taarikhi Fupi ya Chombo cha Seremala katika Nchi ya Uluguru

Randa ni chombo chenye umri wa namna mbili: umri wa mwili wake na umri wa makali yake. Mwili, uwe wa mti mgumu au wa chuma, waweza kudumu miaka mia na zaidi, ukatoka mkononi mwa babu ukaingia mkononi mwa mjukuu. Makali hayana maisha marefu kama hayo. Kila mara seremala anaponoa, jiwe huchukua sehemu yake. Sehemu hiyo ni ndogo mno, lakini haina marejeo. Mwisho kisu huwa kifupi hata hakishikiki tena, na fundi hubaki na mwili mzima usio na jino. Siku hiyo huja swali ambalo ndilo maudhui ya insha hii: randa ya kale itiwe kisu gani?

Kwa neno kisu cha randa nakusudia kile kipande cha chuma kipana na chembamba kilazwacho kwa mshazari ndani ya randa, makali yake yakichungulia chini kupitia tundu jembamba ambalo nitaliita mdomo. Watu wengi hudhani kwamba kukichagua ni jambo la dukani, la kuuliza bei na kulipa. Mimi naona kwamba ni jambo la taarikhi kwanza, na la duka baadaye. Kila randa iliyopata kutumika katika mji wa Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru ilikuja na zama zake, na kila zama zilileta namna yake ya chuma, namna yake ya kukishika, na namna yake ya kukipima. Asiyejua randa yake ilitoka zama zipi hawezi kujua kisu kipi kitaifaa. Tena ndani ya swali hili dogo limo swali kubwa. Hii ni nchi iliyopata kuyeyusha chuma chake yenyewe. Imekuwaje makali ya seremala wake yakawa kitu cha kungojewa kutoka ng'ambo?

Kwamba chuma kiliyeyushwa hapa si dhana. Huko Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, uchimbuzi wa mambo ya kale ambao matokeo yake yalitolewa na Randi Haaland na Cecilia Msuya mwaka 2000 ulionyesha dalili za kazi ya chuma na ya vyungu katika miaka elfu ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Basi kabla ya reli, kabla ya misheni, na kabla ya misafara ya pembe, palikuwa na watu katika bonde hili waliojua kutoa chuma katika udongo na kukipa umbo. Chuma hicho kilitosha kwa jembe, kwa mkuki, kwa shoka na kwa tezo. Na katika kazi ya mti tezo lilikuwa mfalme: lilichonga mtumbwi, mchi, kinu na kigoda, na mkononi mwa aliyelizoea lililainisha uso wa mti kiasi cha kutohitaji chombo kingine.

Randa ilikuja kwa njia nyingine. Neno lenyewe ni shahidi, kwa kuwa limo katika Kiajemi na katika Kihindi kwa maana ile ile tuliyo nayo sisi. Chombo kilivuka bahari pamoja na jina lake, kikatia nanga pwani, kikapata watoto katika lugha: mtu hupiga randa, na vipande vyembamba vinavyojikunja na kuanguka chini huitwa maranda. Tezo hufuata umbo la mti. Randa hulazimisha mti uwe tambarare. Kwa hiyo randa ni chombo cha mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, cha milango na masanduku, cha nyumba zenye pembe mraba na mji wenye biashara. Mahali ilipofika randa, haja mpya zilikuwa zimekwisha tangulia.

Ushahidi wa mapema wa useremala wa namna hiyo chini ya Uluguru tunaupata kwa msafiri Henry Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Karibu na mahali ulipo sasa mji wa Morogoro aliukuta mji wenye kuta, Simbamwenni, uliojengwa na Kisabengo. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliyaeleza malango manne ya mji huo, yenye milango ya mbao ngumu iliyochorwa nakshi nzuri za namna ya Waarabu. Alishuku kwamba milango hiyo ilitengenezwa Unguja au pwani, ikachukuliwa bara ubao kwa ubao. Lakini hakukosa kuongeza kwamba, kwa vile mawasiliano na Bagamoyo yalikuwa mengi, yawezekana mafundi wa pale pale ndio walioifanya, maana aliona milango mingine ya kuchongwa vivyo hivyo katika nyumba kubwa za mji.

Shaka hiyo ya Stanley yatufaa kuliko kama angekata shauri. Imeonyesha kwamba mwaka 1871 kazi ya mbao ilikuwa imekwisha kutana na njia ya pwani, hata mgeni hakuweza kutambua ilipoishia kazi ya Bagamoyo na ilipoanzia kazi ya Uluguru. Wakati huo ndipo makali yalipoanza kusafiri. Mbao zilikuwa za hapa. Pua, yaani chuma kigumu kinachopokea na kutunza makali, ilikuwa ikitoka mbali zaidi kila mwaka.

Njia ya pili ya randa ilikuwa ya misheni. Mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860, na kazi yao ikachukuliwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1863. Mwaka 1868 shirika hilo lilifungua misheni ya Bagamoyo. Kutoka hapo likaenda Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, mwaka 1897. Katika karakana za Unguja na Bagamoyo vijana, wengi wao waliokombolewa utumwani, walifundishwa useremala, uhunzi na uashi. Kanisa lilitaka milango, madirisha, viti na madhabahu. Shule ilitaka madawati. Vyote hivyo vilitaka randa.

Naomba msomaji azingatie jambo moja katika mpango wa karakana hizo: seremala na mhunzi walifanya kazi katika ua mmoja. Kisu cha randa kilipovunjika, tanuri lilikuwa hatua chache tu kutoka mezani. Jambo hilo halikuwa la misheni peke yake. Masingasinga waliokuja Afrika ya Mashariki kutoka Punjab, hasa tangu ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza mwaka 1896, wengi wao walikuwa watu wa koo za ufundi zilizounganisha kazi ya mbao na kazi ya chuma tangu kale. Mtu wa namna hiyo hakuuliza duka lina kisu gani. Aliuliza ana chuma gani. Tutalirudia jambo hili mbele.

Randa za zama hizo zilikuwa aghalabu za mti mtupu, zikishika kisu kwa kabari. Mwenye kurithi randa ya namna hii anapaswa kujua tabia mbili za kisu chake cha asili. Ya kwanza, kisu cha kale hakikuwa cha pua tupu. Pua ilikuwa ghali, hata baada ya Benjamin Huntsman wa Sheffield kuvumbua katika miaka ya 1740 njia ya kuiyeyusha katika vyungu vya udongo. Kwa hiyo wahunzi walifanya mwili wa kisu kwa chuma chororo, wakaungamanisha kwa moto bamba jembamba la pua upande mmoja tu, karibu na makali. Bamba hilo halifiki juu. Ndiyo sababu yaweza kutokea kisu kikaonekana kirefu na kizima, lakini kila kinolewapo kikawa butu baada ya kupita ubao mmoja au miwili. Fundi hulaumu jiwe, au mkono wake, au mbao. Kumbe pua imekwisha, na anachonoa ni chuma chororo kisichoweza kushika makali. Kisu hicho kimekufa ingawa hakijazikwa, na hakuna kunoa kutakakokifufua.

Tabia ya pili ni ya umbo. Kisu cha kale cha randa ya mti hakina unene mmoja: ni kinene upande wa makali, kisha hupungua kidogo kidogo kuelekea juu. Kabari ya randa ilichongwa ipatane na mteremko huo, hata nguvu ya ubao inapokisukuma kisu nyuma, kabari huzidi kukikaza. Mtu akitia kisu cha kisasa chenye unene ulio sawa juu na chini, kabari haitashika mahali pote; kisu kitateleza au kitatetemeka, na uso wa ubao utaonyesha mawimbi madogo madogo. Dawa yake ni moja kati ya mbili: kutafuta kisu cha kale chenye umbo lile lile, au kuchonga kabari mpya. Kabari ni kipande cha mti tu, nacho ni rahisi kuliko pua. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba waweza kubadili kabari ili kuokoa kisu.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914. Bidhaa za chuma za viwanda vya Ulaya, zilizokuwa zikibebwa mabegani, sasa zilibebwa na behewa. Jembe la kiwandani lilishuka bei, na yule mhunzi wa kuyeyusha chuma cha ardhi hakuweza kushindana nalo. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyezuru Uluguru mwaka 1894, na ambaye jina lake limebaki katika jina la kisayansi la mti mmoja wa misitu hiyo, *Allanblackia stuhlmannii*, alitoa mwaka 1910 kitabu kizima juu ya kazi za mikono na viwanda vya Afrika ya Mashariki. Kitabu kama hicho huandikwa wakati mambo yanayoandikwa yamekwisha anza kuondoka. Mhunzi hakutoweka, lakini aligeuka kuwa mfuaji wa vyuma chakavu vya wengine.

Wakati huo huo randa yenyewe ilikuwa imebadilika ulimwenguni. Katika Marekani, Leonard Bailey wa Boston alikuwa ameunda randa ya chuma ambayo kisu chake hakigongwi kwa nyundo, bali husogezwa kwa gurudumu dogo la shaba na kunyoshwa kwa wenzo. Mwaka 1869 ufundi wake ulinunuliwa na kampuni ya Stanley, ambayo haina uhusiano wowote na yule msafiri tuliyemtaja. Muundo huo ulienea hata ukawa ndio sura ya randa ya chuma kila mahali. Katika Uingereza kampuni ya Record ya Sheffield ilianza kutoa randa za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Stanley nayo ikaanza kuzitengeneza mjini humo katika miaka hiyo hiyo. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Kwa hiyo ndizo zilizokuja, na ndizo ambazo leo tunaziita randa za kale.

Randa ya Bailey ilileta kitu ambacho randa ya mti haikuwa nacho: nambari. Nambari 3 huchukua kisu chenye upana wa inchi 1¾. Nambari 4 na 5 huchukua inchi 2. Nambari 6 na 7, inchi 2⅜. Nambari 8, inchi 2⅝. Kwa mara ya kwanza fundi aliweza kuagiza kisu bila kuchukua randa yake dukani. Faida hii ni kubwa, wala siidharau. Hata hivyo nambari nazo zina hila zao. Nambari 5½ za zamani zilikuwa za inchi 2¼, na za baadaye zikawa za inchi 2⅜. Anayenunua kwa nambari bila kupima aweza kurudi nyumbani na kisu kisichoingia.

Tena upana si kipimo pekee. Kisu cha asili cha randa hizi kilikuwa chembamba, kama milimita 2 tu, na mdomo ulikatwa kwa kadiri ya wembamba huo. Juu ya kisu hulala kipande cha pili, kazi yake ni kukitia nguvu na kuvunja maranda yasichane ubao. Na katika kipande hicho mna tundu dogo ambamo huingia ncha ya wenzo wa kusogeza kisu. Basi mwenye kutaka kisu kinene zaidi hana budi ajiulize maswali mawili. Je, makali yatapita mdomoni na bado pawe na nafasi ya maranda kutoka? Na je, ncha ya wenzo itafika katika tundu lake, au itabaki ikichezea hewani? Kisu cha milimita 2.4 kwa kawaida huingia bila matata. Kinachozidi milimita 3 mara nyingi hudai mdomo upanuliwe kwa tupa. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri, maana kisu kisichofaa chaweza kurudishwa, lakini mdomo uliopanuliwa haurudi. Nimeona ikishauriwa kwamba kisu kinene ndicho bora kwa kila randa; ushauri huo huwafaa wauzao visu kuliko wauzao meza na milango.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 na Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kujitegemea liligusa karakana pia. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Lakini bei ya mafuta ilipopanda, na vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilipokula hazina, fedha za kigeni zikaadimika, na vitu vidogo vikawa vya kwanza kukosekana. Taifa lenye upungufu wa dawa na vipuri vya magari haliwezi kutanguliza visu vya randa. Katika miaka hiyo ya mwisho wa 1970, Glyn Roberts na wenzake katika Uingereza walianzisha jumuiya iitwayo Tools for Self Reliance, ambayo wafuasi wake hukusanya zana za mkono zilizoachwa vibandani na katika vyumba vya chini, wakazisafisha, wakazinoa, na kuzituma Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozipokea. Kwa njia hiyo randa zilizofanyiwa kazi kwanza na maseremala wa Kiingereza zilipata maisha ya pili huku kwetu.

Zawadi hiyo ilikuwa njema, na ilifuata fikira zetu wenyewe. Walakini randa iliyotumwa ilikuja na kisu kimoja, nacho kilikuwa kimekwisha liwa nusu na mwenyewe wa kwanza. Kisu hicho kilipokwisha, swali la makali lilirudi pale pale. Milango ya biashara ilipofunguliwa baada ya katikati ya miaka ya 1980, randa mpya za bei ndogo zikaja kwa wingi, na wengi waliona ni rahisi kutupa randa ya kale na kununua nyingine kuliko kuitafutia jino. Hasara yake haikuonekana upesi. Miili ya kale ilikuwa ya chuma kilichotulia na kusawazishwa vema. Mingi iliyochukua nafasi yake ilikuja na nyayo zilizopinda na visu vyororo. Mtu alibadilisha mwili mzuri wenye kisu kibaya kwa mwili mbaya wenye kisu kibaya, na kulipa juu yake.

Lakini katika dhiki ile ile jibu la kale lilijitokeza tena bila kualikwa. Wahunzi wa mijini waligundua kwamba gari lililokufa lina mali ndani yake: zile bapa za springi zilizolala chini ya lori ni pua hasa. Kwazo hufua mapanga, patasi na visu. Springi ikipashwa moto hata sumaku ikaacha kuivuta, ikazamishwa katika mafuta, kisha ikapashwa tena polepole hata uso wake uliosuguliwa ukageuka rangi ya majani makavu, hutoa makali ambayo seremala haoni aibu kuyatumia. Tupa la zamani nalo ni pua, tena ngumu kuliko springi, ingawa huvunjika upesi likipashwa vibaya. Nondo ya kawaida ya kujengea haifai, hata ikipashwa mara kumi, kwa kuwa haina kaboni ya kutosha kuipa ugumu. Njia ya kujaribu ni nyepesi: pitisha tupa jipya juu ya chuma kilichozamishwa, likiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekubali, likila, hakikukubali.

Hapa pia taarikhi ya randa hutoa hukumu. Springi ya lori ni nene, aghalabu milimita 6 na zaidi. Kwa randa ya mti unene huo ni baraka, kwani mdomo wake ni mpana na kabari yaweza kuchongwa upya. Kwa randa ya chuma ya Bailey ni taabu tupu, mpaka isuguliwe hata ibaki theluthi yake. Mwenye randa ya chuma angefaa zaidi kutafuta bamba la msumeno wa duara wa zamani, ule usiopachikwa meno ya kigeni, ambalo unene wake hukaribia ule wa kisu cha asili. Basi chuma kile kile huwa dawa kwa mmoja na sumu kwa mwingine, na tofauti yao ni miaka iliyopita kati ya randa mbili.

Baada ya mwili wa randa huja mbao. Mbao za nchi yetu hazilingani na misonobari ya Ulaya ambayo kwayo vitabu vingi vya useremala viliandikwa. Mvule mara nyingi huficha ndani yake mawe madogo ya chokaa, yaliyoumbwa na mti wenyewe. Makali hukutana nayo ghafula na kuvunjika meno. Mtiki, ulioletwa na Wajerumani na kupandwa baadaye kwa wingi katika shamba la Mtibwa, una chembe za silika ambazo husaga makali polepole kama mchanga. Mninga na mkangazi huwa na nyuzi zinazopishana, hata randa inayolainisha upande mmoja huchana upande wa pili. Kwa mvule chahitajiwa kisu kigumu wa kuvunjika, si kigumu wa kusuguliwa tu. Kwa mtiki chahitajiwa kisu kinachostahimili kusagwa. Kwa mninga na mkangazi tatizo si chuma bali ni pembe: makali yakitiwa mteremko mdogo wa digrii 5 hadi 10 upande wa nyuma, randa iliyolazwa digrii 45 hukata kama imelazwa digrii 50 au 55, na uchanaji hupungua. Kwa hiyo wakati mwingine anayedhani anahitaji kisu kipya anahitaji tu kunoa kwa namna nyingine.

Jambo hili si la uzuri peke yake. Misitu ya kilele cha Uluguru ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, nayo ni chanzo cha maji ya mto Ruvu yanywewayo hata Dar es Salaam. Mbao za asili zimekuwa adimu, na itakuwa vema zikibaki adimu kuliko milima ikabaki uchi. Lakini ubao ulio adimu haustahili kuharibiwa. Ubao uliochanwa na kisu kibovu hupigwa randa tena na tena hata wembamba wake haufai kazi iliyokusudiwa. Na mti uliochukua makumi ya miaka kukua huishia chini ya meza, ukiwa maranda ya kuwashia moto. Makali mema ni akiba ya msitu.

La mwisho ni jiwe. Viwanda vya leo huuza visu vya pua zilizochanganywa na kromiamu na madini mengine, vinavyokaa na makali muda mrefu ajabu. Sifa zao ni za kweli. Lakini pua inayokataa kusagwa na mtiki hukataa pia kusagwa na jiwe, na visu vigumu zaidi hutaka mawe ya almasi ambayo si kila karakana inayo. Fundi wa Mgeta au Matombo mwenye jiwe la kawaida la mafuta atanunua kisu cha ajabu, atakitumia kwa furaha mpaka siku kitakapokuwa butu, na tangu siku hiyo hatakuwa na kisu. Pua nyepesi ya kaboni, inayonoleka kwa dakika chache, yaweza kumfaa zaidi ingawa itamwita jiweni mara mbili kwa siku. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Hawakusema kilicho kigumu hupata.

Yuko atakayenijibu kwa methali nyingine, kwamba mchagua jembe si mkulima. Naikubali, kwa kuwa inamkemea mvivu anayefanya kuchagua kuwa udhuru wa kutolima. Lakini mkulima hashiki jembe la mpini uliovunjika kwa kuogopa methali. Kuchagua ninakokusema si kule kwa mtu anayezunguka madukani akitamani vinavyong'aa. Ni kupima mwili wa randa, kuujua ubao ulio mezani, na kulitazama jiwe alilo nalo, kisha kutwaa kisu kinachopatana na vyote vitatu. Mara nyingi kisu hicho hakitakuwa cha bei kubwa kuliko vyote, na mara nyingine hakitakuwa cha dukani kabisa.

Hivyo narudi katika ua wa karakana ya misheni na kwa wale mafundi wa Punjab. Katika zama zote tulizozipitia, randa haikukosa jino mahali ambapo seremala na mhunzi walijuana. Ilikosa pale walipotenganishwa, mmoja akafundishwa kununua na mwingine akaachiwa mapanga. Katika mkoa wa Morogoro vyuo vya ufundi vipo, Chuo Kikuu cha Sokoine kimefundisha elimu ya misitu kwa miaka mingi, wahunzi wa springi wapo, na randa za kale bado ziko juu ya kuta za karakana nyingi zikishika kutu. Kinachopungua ni safari fupi kati ya meza na tanuri: seremala amchukulie mhunzi randa yenyewe, si maneno, ampimie mdomo, amwonyeshe kabari, amweleze mbao. Methali husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Seremala naye, asipoweza kufua, na ajifunze kuvukuta.